Mashine Iliyoamriwa Lazima Ijibu

Hotuba kwa mafundi vijana wa majokofu na viyoyozi, Mwanza

Mwangaluka! Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, kina mama wenye nyumba za wageni, na ninyi wadogo zangu mliokuja moja kwa moja kutoka kazini na mifuko yenu ya spana, nawashukuru kwa kuniita. Nimeombwa nizungumzie kuunganisha AC na hita za maji na mifumo ya nyumba inayojiendesha, hii ambayo mteja anataka aione kwenye simu yake. Wateja wanaiuliza kila wiki sasa, na wengi wetu tunajibu "inawezekana, mama" kabla hatujafikiri. Mimi nilijibu hivyo. Leo nitawaeleza kilichofuata.

Nianze na chumba namba 9. Nyumba yenyewe ya wageni iko kando ya ziwa, ina vyumba 14, kila chumba AC moja ya ukutani ya BTU 12,000, yaani kipimo cha nguvu yake ya kupoza. Mwenye nyumba alikuwa anasafiri sana kwenda Dar es Salaam, akataka awe anaziona na kuzizima AC akiwa huko. Nikamfungia vile vidude vya duara vinavyotoa mwanga wa rimoti, kimoja kila chumba, vyote vikaungana na ruta ya mapokezi. Tulipojaribu siku ya kwanza kila chumba kiliitika. Alifurahi, akanilipa siku hiyohiyo.

Wiki ya tatu akanipigia. "Fundi, simu inaniambia vyumba sita vimezimwa, lakini uniti za LUKU zinakwenda kama maji." Nikaenda. Mhudumu akanifungulia chumba namba 9. Mgeni hakuwepo, alishaondoka tangu juzi. Kitanda kimetandikwa, dirisha limefungwa, pazia jipya zito limeshuka mpaka sakafuni, na AC inapuliza juu ya shuka tupu. Chumba kilikuwa baridi kama chumba cha samaki. Kile kidude nilikuwa nimekiweka kwenye ukingo wa dirisha kwa sababu soketi ilikuwa karibu. Mapazia yalipobadilishwa, pazia likakifunika. Mwenye nyumba akiwa Dar alibonyeza kuzima, amri ikafika, kidude kikatoa mwanga wake nyuma ya kitambaa, AC haikuona kitu. Na simu ikaandika "imezimwa" kwa sababu ilikuwa imetuma amri ya kuzima. Haikuwa na njia yoyote ya kujua kilichotokea.

Pazia halikuwa na kosa, mhudumu hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Niliupa mfumo mdomo wa kuamuru, sikuupa sikio la kusikia jibu. Hilo ndilo nililokuja kuwaambia asubuhi hii: ukiunganisha mashine ya joto au ya baridi na nyumba, usikubali kuondoka mpaka mashine yenyewe iwe na njia ya kujibu.

Tuielewe rimoti kwanza. Rimoti ya televisheni hutuma kitu kimoja kwa mbonyezo mmoja: ongeza sauti, badili chaneli. Rimoti ya AC haifanyi hivyo. Kila unapobonyeza kitufe chochote, inatuma hali nzima iliyoandikwa kwenye kioo chake: imewashwa, inapoza, nyuzi 24, feni ya kati, mabawa yanacheza. Ndiyo maana ukibonyeza rimoti ukiwa nje ya chumba kisha ukaingia, kioo cha rimoti na mashine vinakuwa havipatani mpaka ubonyeze tena. Kwetu sisi hii ni bahati, maana mfumo hauhitaji kukumbuka AC ilikuwaje zamani, unatuma hali kamili na inatosha. Lakini ni mwanga wa upande mmoja. Unakwenda, haurudi.

Dawa yake ni ndogo na nafuu. Nimerudi kwenye vile vyumba 14 nikafunga sensa ya joto kwenye mdomo wa hewa wa kila AC, nyuma kidogo ya mabawa, imebanwa na kamba ya plastiki isigonge feni. Nyingine nikaiweka ukutani mbali na upepo wa AC. Sasa mfumo unauliza swali ambalo fundi yeyote angeuliza kwa mkono wake. Nimeamuru kuwasha, je, baada ya dakika kumi hewa inayotoka imeshuka? Kwa kawaida hewa inayotoka huwa baridi kuliko inayoingia kwa nyuzi kama 8 hadi 12. Kama imeshuka hivyo, andika "inapoza". Kama haijashuka, usiandike kitu ambacho hukijui. Nimeamuru kuzima, je, mdomo umerudi kwenye joto la chumba? Kama bado, tuma tena. Mara tatu ikishindikana, mwite mtu.

Na hapa nikapata faida ambayo sikuitegemea. Ninyi mnaofanya kazi ufukweni mnajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanaonyanyuka kama wingu la moshi. Wakipita, mashine ya nje inavishwa blanketi la mizoga, mapezi yanaziba, kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, inahangaika. Zamani mteja alikuwa ananiita AC ikishagoma. Sasa ninaona ile tofauti ya nyuzi 10 inakuwa 8, inakuwa 6, na ninakwenda na pampu ya maji na brashi kabla hajanipigia. Gesi ikipungua, hivyohivyo. Sensa niliyoifunga ili simu isiseme uongo imekuwa kipimo changu cha huduma.

Anayependelea kupima umeme badala ya joto, atumie ile koleo ya kupimia ampea inayokumbatia waya. Angalizo moja tu, maana nimewaona vijana wakikosea: ikumbatie waya wa laini peke yake. Ukikumbatia laini na nyutro kwa pamoja, mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana, koleo inasoma sifuri, na wewe utaapa AC imezimwa huku kompresa inanguruma juu ya kichwa chako.

Jambo hili la kujibu si la juzi. Zaidi ya miaka 140 iliyopita, huko Whitewater, Wisconsin, Marekani, kulikuwa na mwalimu aitwaye Warren Johnson. Wahudumu wa chuo walikuwa wanaingia darasani katikati ya somo kuangalia joto, ili wajue kama wafungue au wafunge njia za hewa ya moto kule chini. Akachoka kukatizwa. Akatengeneza kifaa cha umeme kinachogonga kengele chini kwa mhudumu, na mwaka 1883 akapata hataza yake. Tazameni alichokifanya: alikipa chumba sauti. Mwenye moto alikuwepo tayari, kilichokosekana ni chumba kumwambia hali yake. Miaka yote hii kazi yetu ni ileile, sema kengele imekuwa simu.

Sasa nipite haraka kwenye njia nyingine za kuunganisha. Kuna AC zinazokuja na Wi-Fi yake ndani. Hizo zinajibu, maana bodi yenyewe inaongea, na mtu akibonyeza rimoti kwa mkono simu inajua. Kuna mitambo mikubwa ya hoteli yenye mashine moja ya nje na nyingi za ndani. Hiyo ina waya wake wa mawasiliano, na unanunua kisanduku cha kutafsiri kwenda Modbasi au lugha nyingine ya majengo. Kwa nyumba ya wageni yenye bajeti ya kawaida, angalia bodi ya ndani: baadhi zina plagi ndogo ya kuunganishia swichi ya kadi ya mlangoni. Waya mbili tu, lakini ni njia safi kuliko mwanga wa rimoti, kwa sababu mashine inajizima yenyewe kwa utaratibu wake.

Njia ambayo siitaki ni kukata umeme wa AC kwa soketi ya Wi-Fi. Kompresa ikizimwa na kuwashwa papo hapo, gesi bado ina presha upande mmoja, inajaribu kuanza dhidi ya ukuta. Inahitaji kupumzika angalau dakika tatu. AC nyingi zina kichelewesho hicho ndani, lakini usiweke roho ya kompresa ya mteja kwenye neno "nyingi". Halafu soketi hizo nyingi ni za ampea 10. Kwa volti 230, hiyo ni wati 2,300. Hita ya maji ya kilowati 3 inavuta ampea 13. Nimeshika kwa mkono wangu soketi ya namna hiyo ikiwa imelainika kama mshumaa. Mzigo mkubwa unaupitisha kwenye kontakta, yaani swichi nzito inayoamriwa kwa umeme, na kile kidude cha Wi-Fi kinaamuru kontakta tu.

Na tafadhali, mteja akikuletea thamostati, yaani kidhibiti joto, nzuri ya duara aliyotumiwa na ndugu yake aliyeko Marekani, usione haya kumwambia haifai. Zile zimetengenezwa kwa mitambo ya huko inayoamuriwa kwa umeme wa volti 24, waya mmoja wa kupoza, mmoja wa kupasha, mmoja wa feni. AC zetu za ukutani hazina waya hizo. Ukiigusisha na 230 umeichoma, na unaweza kuichoma nyumba.

Turudi vyumbani, maana kuna shida nyingine iliyonifundisha. Mwenye nyumba aliomba AC ijizime mgeni akitoka. Nikafunga sensa ya mwendo. Saa tisa usiku mgeni mmoja, mzee wa makamo aliyekuja kwa mkutano, akashuka mapokezi analoa jasho: AC yake inajizima kila akipata usingizi. Ile sensa huona mwili wenye joto unaosogea. Mtu aliyelala kwake ni sawa na hayupo. Tulimwomba radhi mzee yule, na ilistahili.

Suluhisho lilikuwa mlangoni. Weka sumaku ya mlango pamoja na sensa ya mwendo, kisha fikiri hivi: mlango ukifungwa, halafu baada ya kufungwa kukaonekana mwendo hata mara moja, basi kuna mtu ndani, na atabaki ndani mpaka mlango ufunguliwe tena. Alale, asali, asome, asisogeze hata kidole, bado yumo, maana hakuna alipopitia. Mlango ukifunguliwa ukafungwa na mwendo usionekane kwa robo saa, chumba ni kitupu. Hakuna kifaa cha ajabu hapo, ni kuufikiria mlango tu. Tangu siku ile hakuna mgeni aliyeamshwa na joto.

Sasa intaneti. Mnakumbuka Mei 12, 2024. Nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania nzima ikaganda. Siku hiyo nilielewa kitu kuhusu nyumba nilizokuwa nimezifunga. Kuna AC ambayo ukiibonyeza kwenye simu ukiwa umekaa chini yake, amri inatoka Mwanza, inavuka bahari mpaka kwenye kompyuta za mtengenezaji, kisha inarudi Mwanza kuishusha nyuzi moja. Kebo ikikatika, mtu na AC yake wako chumba kimoja na hawasikilizani. Na si kebo tu. Mwaka 2014 kampuni ya Nest ya Marekani ilinunua kampuni iliyotengeneza kisanduku cha kuongoza nyumba kiitwacho Revolv, na Mei 2016 ikazima huduma yake. Visanduku vilikuwa vizima, havijaharibika, ila vikawa matofali.

Kwa hiyo ubongo wa nyumba nauweka ndani ya nyumba. Kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kiganja, ina betri yake, inaendesha programu huria ya Home Assistant, ambayo ilianza mwaka 2013 na haidai intaneti ili kuwasha taa ya chumbani. Intaneti ikiwepo, mwenye nyumba anaona akiwa Dar. Isipokuwepo, vyumba vinaendelea na kazi. Mkinunua vifaa vipya ulizeni kama vinaongea Matter. Ni lugha ya pamoja iliyotolewa mwaka 2022, inafanya kazi ndani kwa ndani, na toleo lake la 1.2 la Oktoba 2023 ndilo lililoingiza AC za chumba. Na rimoti ibaki kwenye meza ya kitanda, kila chumba, siku zote. Mgeni hapaswi kujifunza programu ili apate baridi.

Umeme ukikatika na kurudi, jambo la kwanza ni kwamba mashine 14 zisiamke kwa pamoja. Mimi huzipa zamu, sekunde 30 kati ya moja na nyingine, la sivyo volti inashuka na zote zinaugua. Na kwa kuwa ngurumo za usiku za ziwa hili mnazijua, weka kinga ya radi kwenye bodi kuu na ethi ya kweli, yaani waya wa kupeleka umeme wa hatari ardhini. Mwanza ni mwamba. Fimbo ya ethi unaigonga inashuka futi mbili, inagota kwenye jiwe, na kijana anaikata kwa msumeno, anaifunika na udongo, anaondoka. Nimezifukua fimbo hizo. Tafuta udongo, hata kama ni mita 15 kutoka ukutani, chimba mtaro ulaze waya, kisha upime kwa mita. Bodi zote hizi za kisasa zinategemea waya huo ambao hakuna mteja atakayeuona.

Kuhusu kupasha joto. Hapa kwetu hakuna anayepasha nyumba, ila tunapasha maji. Tanki la lita 100 kulitoa nyuzi 23 mpaka 60 kunahitaji uniti kama 4.3, yaani hita ya kilowati 2 ikae zaidi ya saa mbili. Penye sola juu ya paa, kazi ya mfumo ni kungoja: sensa ndani ya tanki iulizwe saa kumi na moja jioni, jua likiwa limemaliza, na umeme ujazie kilichopungua tu. Kwa wingu la masika utajazia sana, kwa jua la Julai karibu hutajazia. Lakini wapo wanaoshusha tanki mpaka nyuzi 45 ili kuokoa. Msifanye hivyo. Maji ya uvuguvugu yaliyokaa ndiyo makazi ya kijidudu cha Lejionela, kinachoshambulia mapafu kupitia matone madogo sana ya maji ya bafu yanayoruka hewani; kiligunduliwa baada ya watu kufariki Philadelphia mwaka 1976. Tanki lifike 60, kisha uchanganye na baridi karibu na bomba. Na ile thamostati ya ndani ya hita, pamoja na vali ya presha, usivipite hata kama una sensa kumi. Programu inaweza kuganda, lakini tanki linalochemka likiwa limefungwa halikupi nafasi ya pili.

Jambo la mwisho ni gumu kwangu kulisema. Miaka michache iliyopita mama mmoja wa Buhongwa, jirani wa dada yangu, alikuwa na vifaranga 300 wa wiki ya kwanza. Wiki hiyo wanahitaji nyuzi 32 mpaka 35. Aliniomba taa zao za joto zijiongoze zenyewe ili apate kulala. Nikafunga soketi ya Wi-Fi na sensa. Siku ya nne umeme ukakatika usiku kwa dakika chache ukarudi. Soketi ile ikirudiwa na umeme hubaki imezima mpaka iamriwe, na ruta ilikuwa bado haijaamka. Hakuna aliyeiamuru. Asubuhi aliwakuta wamerundikana kona moja, wa juu wakiwa wamewabana wa chini. Walionusurika hawakufika mia. Hakunigombeza. Alikuwa ameshika kifaranga mmoja kwenye kanga, anampulizia pumzi, akaniuliza, "Baba, kwa nini haikusema?"

Nilimlipa vifaranga, swali sikuweza kulilipa. Thamostati ya kwanza tunayoijua duniani ilitengenezwa katika karne ya 17 na Mholanzi Cornelis Drebbel, na kazi yake ilikuwa kutunza joto la mayai ya kuku. Ilikuwa ya kimiminika kinachotanuka na kufunga njia ya moto. Haikuhitaji ruta. Kwa mama yule sasa nimefunga thamostati ya chuma ya bei ndogo, inawasha taa yenyewe umeme ukirudi, haimwombi mtu ruhusa. Mfumo wa simu uko juu yake, kazi yake ni kutazama na kupiga kelele: joto likishuka chini ya 30 king'ora chenye betri kinalia chumbani kwake. Tulikijaribu kwa kuchomoa waya mbele yake, mara tatu, mpaka akaridhika yeye.

Pale mezani nimeleta AC moja imefunguliwa, sensa mbili, koleo na ile kompyuta ndogo. Kuna pazia pia. Njooni tulifunike lile jicho la rimoti, tutume amri ya kuzima, na kila mmoja aone mfumo utasema nini. Wenye bisibisi watangulie.